Jinsi ya Kutazama Ndege wa Miezi ya Joto Kando ya Mto Mbagathi

Januari na Februari, jua la Nairobi linapokuwa kali, ndege wenyeji huchangamana kando ya Mto Mbagathi na wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Pazuri pa kuanzia ni msitu wa Oloolua, Karen, wenye njia ya miguu inayofika mtoni. Nenda asubuhi mapema, kwa maana joto likishapanda ndege wengi hujificha kivulini.

Chagua mahali penye mawe, maji ya kina kifupi na matawi yaliyoinamia mto, kisha ukae kimya kwa nusu saa, jua likiwa mgongoni mwako. Anayetembeatembea huwafukuza ndege wale wale anaowatafuta, ilhali anayetulia huzoewa, nao wakarudia shughuli zao. Anza na mawe: kitwitwi, mgeni kutoka kaskazini, hutikisa sehemu ya nyuma ya mwili karibu bila kukoma. Kisha tazama matawi ya chini, ambako mdiria mdogo mwenye mgongo wa buluu husubiri samaki. Ukiona juu ya mti rundo la vijiti lenye paa, ambalo huweza kuzidi upana wa mita moja, hilo ni kiota cha ndege aitwaye fundichuma.

Darubini ya 8x42 yatosha kabisa: hukuza mara 8, na lenzi zake za mbele, zenye upana wa milimita 42, huingiza mwanga wa kutosha hata chini ya miti. Usimsake ndege kwa darubini. Mkazie macho kwanza, kisha uinue darubini hadi machoni bila kumwondolea macho. Zoezi hili dogo lina faida kuliko kununua darubini ya bei ghali.

Bustanini kwako, panda mishubiri, maana ndege aitwaye chozi hupenda nekta, yaani maji matamu, ya maua yake. Ninasihi sana kwamba usipulize dawa za wadudu, kwa sababu chozi huwalisha makinda yao wadudu na buibui, hivyo bustani isiyo na wadudu haiwezi kulea kizazi kipya. Weka pia bakuli pana la maji yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, mbali kidogo na vichaka ambamo paka huweza kuvizia, na ubadilishe maji hayo kila siku.

Jioni, tazama mbayuwayu wa Ulaya wakiwinda angani. Wengi hubadilisha manyoya wakiwa huku, kwa hiyo mkia usio na ncha zake ndefu usikupoteze.

Andika tarehe, saa, mahali na alichokuwa akifanya ndege, hata kama jina lake hulijui. Kwa majina magumu, jiunge na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, ukiwa na daftari lako.