Hesabu za gesi: ongeza 273 kwanza, kalkuleta baadae

Mpwa wangu yupo fomu thrii, juzi kaja na daftari lake kanuna, eti hesabu za gesi hazimuingii. Nkatazama alichoandika nkajiona mie mwenyewe miaka ile, maana na mie nilikula sufuri kwenye suali la namna hiyo hiyo. Fomula kaiandika sawa, kaharibu kabla hajafika kwenye fomula.

Fomula moja inatosha, P1V1/T1 = P2V2/T2 (P ni presha, V ni ujazo, T ni joto, 1 ni mwanzo na 2 ni mwisho), ilimradi gesi haikuvuja wala haikuongezwa. Kile ambacho hakijabadilika unakifuta pande zote mbili: futa T inabaki ile ya mwanasayansi Boyle ya 1662, futa P inabaki ya Charles, futa V inabaki ya Gay-Lussac. Sasa ukisoma suali usikimbilie namba, tafuta nini kimekaa vile vile, wakikwambia chombo kigumu basi ujazo haubadiliki, futa V uendelee.

Chukua vespa. Umetia upepo asubuhi Darajani, hewa ina 27°C, geji inasoma 30 psi (pauni kwa inchi ya mraba), kisha ukaiacha juani jua la kaskazi lile, mchana hewa ndani ya mpira tuseme imefika 57°C. Presha itakuwa ngapi? Mpira hautanuki sana, kwa hiyo V futa. Mpwa wangu kafanya 30 × 57 ÷ 27, kapata 63. Yakhe, ingekuwa hivyo vespa zote za mjini zingekuwa zinapasuka mipira kila mchana! Selsiasi sufuri yake ni pale maji yanapoganda tu, gesi haina habari nayo, ya kelvini, kipimo kingine cha joto, ndo sufuri ya kweli. Ongeza 273 kote upate kelvini: 27 inakuwa 300, 57 inakuwa 330.

Bado kuna mtego wa pili na huu hata wakubwa wanauingia. Geji haisomi presha yote, inasoma ile iliyozidi hewa ya nje, ndo maana mpira uliopasuka geji inasema 0 na hewa imo. Ongeza presha ya nje, kama 15 psi, 30 inakuwa 45. Sasa piga: 45 × 330 ÷ 300 = 49.5, toa ile 15 yako, geji itasoma 34.5. Imepanda kidogo tu, na ndo inavyokuwa kweli. Lakini suali likisema presha kamili au ukipewa kwa atm (atm 1 ni presha ya hewa ya nje pale juu ya bahari), hapo usiongeze kitu.

Ujazo hauna taabu, lita au sentimita za ujazo sawa tu, muhimu pande zote mbili utumie kipimo kimoja.

Tuje baharini. Kila ukishuka mita 10 presha inaongezeka kama atm 1, juu ya ile 1 ya hewa. Chupa ya plastiki ya lita 1.5 imejaa hewa, ifunge kizibo uzame nayo mita 10 Mnemba, joto tuseme ni lile lile, T futa: 1 × 1.5 ÷ 2, hewa inabaki lita 0.75 na chupa imebonyea kama imekaliwa.

Sasa vyote vitatu pamoja. Povu la sentimita za ujazo 4 linatoka mita 20, huko presha ni atm 3 na maji 25°C, juu ni atm 1 na 30°C. V2 = 4 × 3 × 303 ÷ 298, unapata 12.2. Hebu rudia bila joto, unapata 12. Yaani digrii tano zote zile zimeongeza 0.2 tu, iliyobaki yote kazi ya presha, ndo maana wazamiaji wa mitungi wanakatazwa kabisa kuzuia pumzi wakati wa kupanda, mapafu si povu, hayana pa kutanukia mara tatu.