Kugeuza PDF Kuwa Video ya MP4

Kubadilisha mkia wa jina la faili kutoka .pdf kuwa .mp4 hakusaidii kitu. PDF haina muda ndani yake, na video haiendi bila muda. Kwa hiyo kila ukurasa hufanywa picha kwanza, halafu picha zinaungwa na wewe unaamua kila moja ikae sekunde ngapi.

Hati ikiwa ya PowerPoint, usihangaike na PDF: programu yenyewe hutoa video, na kila slaidi hupewa sekunde 5 usipobadilisha. Ya Word ihifadhi kwanza kama PDF.

Tuseme una PDF ya A4 yenye kurasa 12. Sakinisha poppler (hugeuza kurasa kuwa picha) na ffmpeg (huunga picha kuwa video), zote za bure, kisha andika kwenye dirisha la amri (terminal):

pdftoppm -png -r 150 hati.pdf uk

Utapata uk-01.png hadi uk-12.png, kila moja pikseli 1240 kwa 1754 hivi. Sasa ziunge:

ffmpeg -framerate 1/8 -i uk-%02d.png -vf scale=1080:-2 -c:v libx264 -r 25 -pix_fmt yuv420p video.mp4

Hiyo 1/8 ni picha moja kila sekunde 8, yaani video ya sekunde 96. Ukurasa uliojaa maandishi hausomeki kwa muda huo. Ongeza sekunde au, bora zaidi, punguza maneno.

Makosa mengi hutokea hapa. Ffmpeg ikilalamika haioni picha, hesabu tarakimu za majina ya picha: %02d ni tarakimu mbili, lakini hati isiyofika kurasa 10 hutoa uk-1.png, basi tumia %d. Kuanzia kurasa 100 ni %03d. Ikikataa kwa sababu ya kimo cha picha, ni kwamba libx264, kisimbaji cha video, kwa mpangilio huu hutaka vipimo shufwa, na ile -2 ndiyo inayovirekebisha. Ukiacha yuv420p, yaani mpangilio wa rangi, video inaweza kucheza kwenye kompyuta yako lakini ikakataa kwenye simu nyingi.

Usilazimishe A4 iliyosimama iingie kwenye 1920 kwa 1080. Ukurasa utabaki na upana wa pikseli 764 hivi, na herufi zitakuwa kama sisimizi. Kwa watazamaji wa simu, iache isimame.

Kuweka sauti, ongeza -i sauti.m4a baada ya picha, na -c:a aac -shortest kabla ya jina la video. Sauti ikiisha mapema, -shortest huikata video palepale, hata kama kurasa zimebaki.

Tovuti za kugeuza faili zipo tele, ila hati hupakiwa kwenye seva ya mtu mwingine. Mkataba au cheti cha hospitali kigeuzie kwenye kompyuta yako.