Mtoto anatafuna kanga, rimoti, kola ya shati: fanya hivi

Mama mwenzangu, kama una mtoto wa miezi mitano sita mgongoni basi nalijua pindo la kanga yako lilivyo saa hizi. Limelowa, limekunjamana, linanuka maziwa yaliyochacha, na ukilichomoa mdomoni anapiga kelele kama umemnyang'anya chakula. Wangu wa kwanza alikuwa anakamata pale pale penye jina la kanga, anakusanya kitambaa chote kwenye ngumi halafu anasukumia mdomoni mpaka ngumi yenyewe inaingia nusu, na mi siku nzima kazi yangu kuchomoa, natoa kanga anashika kola yangu, natoa kola anashika kamba ya pochi, jioni ikifika mi nimechoka na yeye amelia mpaka sauti imekauka. Nilikuwa nakosea kabisa. Haya naandika ni niliyojifunza kwa watoto wawili na kwa manesi wa kliniki ambao nilikuwa nawasumbua kwa maswali kila siku ya kupima uzito.

Kwanza elewa kwa nini anatafuna. Mtoto wa miezi mitatu minne mikono bado haimtii vizuri, ila mdomo unamtii tangu siku aliyozaliwa maana ndio anaonyonyea. Midomo na ulimi vina hisia kali kuliko sehemu nyingi za mwili, kwa hiyo akitaka kujua kitu ni kigumu au laini, kina kona au ni duara, anakipeleka huko. Wewe ukienda kununua kitambaa unakipapasa kwa vidole kabla hujauliza bei, yeye anakipapasa kwa ulimi. Na kuna faida ambayo wengi hatuioni, huo mchezo wa kuviringisha vitu mdomoni unauzoesha ulimi kwenda huku na huku, na ile hali ya kutaka kutapika kila kitu kikigusa ulimi inapungua kidogo kidogo, ndio maana ikifika miezi 6 ukaanza uji mzito na viazi vya kuponda mdomo haushtuki sana.

Halafu ndio meno yanaingia. Wengi jino la kwanza linatokeza karibu na miezi 6, mara nyingi yale mawili ya chini mbele, wengine miezi 4, wengine mwaka mzima na bado ni kawaida. Meno ya utoto yako 20 na yanakamilika karibu na miaka 2 na nusu mpaka 3, yaani hili zoezi litakuja na kuondoka mara nyingi, usidhani limeisha. Fizi ikiwa inauma, kung'ata kunaikandamiza na anapata nafuu. Mengine ni mambo madogo tu, ana usingizi, anajiliwaza, au ana njaa, maana kichanga akianza kujilamba ngumi kabla hujamnyonyesha anakuomba ziwa na hapo dawa ni ziwa.

Kwa hiyo mdomo usiukataze, chagua kinachoingia. Chukua kanga ya zamani iliyolainika, kata vipande vitatu vinne ukubwa wa leso, pinda kingo zote visiwe na nyuzi zinazoning'inia. Usitumie kanga mpya, ile ina wanga wa kiwandani na rangi inachuja, mpaka uifue mara kadhaa ndio imkaribie mtoto. Fua kwa sabuni, suuza sana, anika juani. Kipande kimoja kiloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kamua, weka kwenye friji chini, sio kule kwenye barafu maana kitu kilichoganda kinaumiza fizi. Kama huna friji, maji yako ya kuchemsha yatie kwenye mtungi, ule ubaridi wa mtungi unatosha kabisa. Mpe akiwa amekaa na wewe unamuona. Kikianguka chini hakirudi mdomoni, ndio maana nikasema vitatu vinne. Na akilala kitoe, mtoto chini ya mwaka hatakiwi kulala na kitambaa karibu na uso.

Kidole chako pia ni dawa. Nawa kwa sabuni, hakikisha kucha ni fupi, sugua fizi taratibu huku na huku dakika moja mbili, utamuona anatulia anakuangalia tu. Vile vidude vya mpira vya kung'atia vinavyouzwa madukani viko sawa ila chagua kipande kimoja kizima, visivyo na maji ndani wala vipande vya kubanduka. Usikifunge kwa kamba shingoni. Na hapa najua nagusa mila za watu lakini nasema kwa upendo, uzi mweusi, shanga na hirizi za shingoni na mkononi mtoto wa umri huu anazivuta mpaka mdomoni, uzi ukikatika shanga zinaingia kooni, na ule wa shingoni unaweza kumkaba usiku. Kama familia inataka lazima, basi fungia kwenye kitu cha chumbani, sio mwilini.

Asali usimpake kwenye fizi kabla hajafika mwaka, hata kama bibi anasisitiza, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo vikamletea sumu ya kulegeza mwili. Jeli za ganzi za meno nazo achana nazo, Marekani walitoa onyo mwaka 2018 zisitumike kwa watoto chini ya miaka 2 kwa sababu zile zenye benzokaini zinaweza kuharibu damu ishindwe kubeba hewa. Na dawa za meno za kunywa usinunue kiholela, Nigeria mwaka 2008 dawa moja ya kutuliza watoto wanaoota meno ilikuwa imechanganyika na kemikali ya viwandani na watoto zaidi ya 80 wakafa. Akiwa na maumivu kweli kweli, parasetamo ya maji kwa kipimo cha uzito wake, ukaulize kliniki kipimo ni ngapi usikisie.

Sasa hili naomba usome taratibu. Meno hayaleti homa kali. Anaweza kuchemka kidogo na kusumbua, ila joto likifika nyuzi 38 na kuendelea, au anaharisha, anatapika, amelegea, huo ni ugonjwa mwingine na inatakiwa apimwe, malaria ikiwemo, na kama hajafika miezi 3 basi usisubiri hata asubuhi. Nasema hivi kwa sababu huku kwetu bado kuna watu wakiona mtoto ana homa na anaharisha wanasema ana meno ya plastiki, wengine wanaita ya nailoni, anapelekwa kwa mtu anamchokonoa fizi na kitu chenye ncha anatoa vile vitu vyeupe laini anakuonesha, ona, plastiki hii. Sio plastiki dada yangu. Ni jino la mtoto wako ambalo halijakomaa limetolewa likiwa changa. Jirani yetu mmoja alimpeleka wa kwake, mtoto alirudi mdomo umejaa damu, na kuharisha kuko palepale, kwa sababu tatizo lilikuwa tumboni. Akaja kukaa wodini siku nyingi. Damu inaweza kuvuja mpaka ikaisha, kifaa kinaweza kuleta pepopunda au virusi, na meno ya ukubwani yanaota yameharibika au hayaoti. Mama mkwe akikushauri hivyo mwambie kwa heshima, mama ngoja tukapime kwanza, halafu nenda.

Sasa twende sakafuni. Mtoto akianza kutambaa, wewe nawe piga magoti utambae nyumba nzima kwa usawa wa macho yake, utashangaa. Mi nilikuta sarafu chini ya kochi, kifuniko cha soda, punje za mahindi, kifungo cha shati la baba yake na chaja iko kwenye umeme ncha inaning'inia, na ncha ya chaja ndio wanayoipenda kuinyonya. Chukua lile bomba la boksi la katikati ya tishu ya chooni, kitu chochote kinachopita humo ndani kinaweza kumkaba mtoto chini ya miaka 3. Karanga nzima usimpe, saga.

Cha kuogopa zaidi ya vyote ni zile betri ndogo za duara kama sarafu za kwenye rimoti, saa, midoli ya kuimba na mizani. Ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya masaa mawili tu, na mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima. Ukihisi amemeza, hospitali muda huo huo, usimtapishe. Rimoti ambayo kifuniko kimepotea ifunge kwa plasta au iweke juu.

Uani nako angalia kuku. Mtoto anaokota chochote anatia mdomoni, kinyesi cha kuku kikiwemo, na hapo ndio kuharisha kunakosingiziwa meno kunapotokea. Mtandikie mkeka wake ambao hamna mtu anapita na viatu, muoshe mikono yeye, sio wewe peke yako.

Akipaliwa na kitu akawa hawezi kulia wala kukohoa, kama ni wa chini ya mwaka mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, piga mgongo katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja, hakijatoka mgeuze, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia huku mtu anatafuta usafiri. Aliyepita mwaka mpige mgongo mara 5 akiwa ameinama, halafu simama nyuma yake umbonyeze juu ya kitovu kwa ngumi kuelekea ndani na juu mara 5. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani.

Mkubwa je? Ikifika miaka 2 mpaka 3 wengi wanaacha wenyewe. Wangu wa pili aliacha, halafu akiwa na miaka 5 akaanza upya, sweta la shule mkono wa kulia umetoboka kama umeliwa na mende, unarudi umelowa mpaka kiwiko. Nilimgombeza wiki mbili ikazidi. Mwalimu wake ndio akaniambia anatafuna akiitwa ubaoni na wakati wa kupanga foleni. Alikuwa amehamia shule mpya, ana woga. Nikaacha kugombeza, nikamuwekea chupa ya maji yenye mrija mgumu wa kunyonyea, na karoti na tango vya kukata kwenye kontena, vitu vya kukazana navyo meno, jioni tukawa tunaongea njiani leo nani alikaa na wewe, na mwalimu akawa anamuita ubaoni na mwenzake. Ilichukua kama miezi miwili. Usimpake pilipili wala shubiri kwenye mkono wa nguo, utaongeza woga tu. Ila kama anatafuna kila saa, hageuki ukimuita jina, maneno yamechelewa au anachukia sana sauti na kuguswa, mpeleke wamuangalie, watoto wenye usonji wengi wanatafuna nguo kujituliza na kuna namna za kuwasaidia mapema.

Na angalia tofauti ya kutafuna na kula. Kama anameza kabisa udongo, chaki, rangi ya ukutani, nyuzi, nywele, na imepita mwezi, hiyo mara nyingi ni damu pungufu. Kliniki waombe wapime wingi wa damu, waulize na dawa ya minyoo, inatolewa kuanzia mwaka 1 kila miezi 6, kwa Tanzania mara nyingi Juni na Desemba pamoja na matone ya vitamini A. Nyumbani muongezee maini, dagaa wa kusaga, nyama, maharage na mchicha, halafu kipande cha chungwa au embe hapo hapo kwenye chakula ili madini ya chuma yaingie vizuri, na chai ya rangi usimpe na mlo.