Somo: Kulala Orvieto kwenye hoteli ya kawaida, kuanzia kuweka nafasi hadi kurudisha ufunguo

Watu wetu wengi wanaofika Roma kwa hija, masomo au kumtembelea ndugu huenda Orvieto asubuhi na kurudi alasiri. Wanapiga picha mbele ya kanisa kuu, wanakula, wanashuka kuwahi treni. Nataka kukushawishi ulale. Usiku mmoja unatosha, miwili ni bora, na huhitaji hoteli ya kifahari. Hoteli ndogo ya nyota mbili au tatu ndani ya mji mkongwe inakupa kitu ambacho pesa nyingi bondeni haziwezi kukununulia: kuwa juu ya jabali saa ambazo wageni wa mchana wameshaondoka.

Orvieto iko Umbria, kati ya Roma na Florence. Mji wote umekaa juu ya mwamba wa tufo, jiwe la volkano lililo laini kiasi cha kuchimbika kwa sululu, na kingo zake zimekatika wima kama ukuta. Waetruski waliishi hapo kabla ya Warumi. Hata mapapa walikimbilia huko mambo yalipochafuka Roma.

Hatua ya kwanza: hakikisha unalala juu

Hapa ndipo pesa za wengi hupotelea. Ukitafuta hoteli mtandaoni, majina mawili huja yamechanganyika: Orvieto na Orvieto Scalo. Scalo ni mtaa wa stesheni, chini bondeni. Vyumba vyake ni rahisi na magari yanaegeshwa bila shida, lakini ni mtaa wa kawaida tu. Ukilala Scalo, jioni utakuwa unatazama saa ili usikwame juu.

Kwa hiyo fungua ramani kabla ya kulipa. Hoteli iwe karibu na Piazza del Duomo (uwanja wa kanisa kuu), Corso Cavour (barabara kuu ya mji), Piazza della Repubblica au Piazza Cahen. Nyota zisikutie kiwewe. Nchini Italia hutolewa kwa vigezo vya mkoa kama ukubwa wa chumba, idadi ya vyoo na saa za mapokezi, na hazipimi usafi wala ukarimu. Hoteli ya nyota mbili inayosimamiwa na familia hatua chache kutoka Corso Cavour, kwangu mimi, inaishinda ya nyota nne iliyo bondeni.

Soma aina ya chumba vizuri. *Singola* ni cha mtu mmoja, *matrimoniale* kina kitanda kimoja kikubwa, *doppia* kwa kawaida kina vitanda viwili. Dada wawili wanaosafiri pamoja waombe *due letti separati*, waandike wazi. Ukiona *bagno in comune*, ujue bafu liko koridoni na mnashirikiana na wengine.

Hatua ya pili: tarehe

Bei hupanda na vyumba huisha mwishoni mwa Desemba, wakati wa tamasha la Umbria Jazz Winter, na pia siku za sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa kawaida mwezi Juni. Wakatoliki wanaweza kuichagua siku hiyo makusudi. Mapokeo yanasema mwaka 1263 huko Bolsena, mji wa jirani, padri aliyekuwa na mashaka aliona hostia, mkate wa Ekaristi, ikitoka damu wakati wa Misa. Kitambaa cha altare kilichodondokewa na damu hiyo kimehifadhiwa katika kanisa kuu la Orvieto, na Papa Urbano IV alikuwa Orvieto alipotoa hati ya kuianzisha sherehe hii kwa Kanisa zima, Agosti 1264. Maandamano tunayofanya parokiani kwetu, kuanzia Songea hadi Bukavu, chimbuko lake linagusa mji huu. Ukitaka kuwepo siku hiyo, weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Julai na Agosti kuna joto kali. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ni miezi mizuri.

Hatua ya tatu: waandikie hoteli

Ukishaweka nafasi, tuma ujumbe mfupi. Hoteli ndogo mara nyingi haina mtu mapokezini usiku kucha, na wasipojua saa yako ya kufika unaweza kukuta mlango umefungwa. Ujumbe kama huu unatosha: *Buongiorno, arriviamo verso le 18. La reception è aperta? C'è l'ascensore?* Yaani unawaambia unafika saa kumi na mbili jioni, unauliza kama mapokezi yatakuwa wazi na kama kuna lifti. Majengo mengi ni ya karne na karne, na lifti si jambo la kudhania.

Hatua ya nne: kufika

Kutoka Roma Termini panda treni ya mkoa, *Regionale*. Safari ni kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Ukiwa na tiketi ya karatasi, igonge kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, vinginevyo mkaguzi anaweza kukutoza faini hata kama umelipa.

Ukitoka tu stesheni ya Orvieto, mbele yako kuna *funicolare*, behewa linalovutwa kwa kamba juu ya reli ya mteremko. Njia hii ilianza 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji. Siku hizi ni ya umeme na inakufikisha Piazza Cahen kwa dakika chache. Kutoka hapo kuna basi dogo la kwenda Piazza del Duomo, au tembea Corso Cavour. Mitaa ni ya mawe, magurudumu ya sanduku yanapiga kelele na kukwama. Begi la mgongoni litakuokoa.

Kumbuka: funicolare haifanyi kazi usiku kucha. Ukifika na treni ya usiku, utategemea basi au teksi.

Hatua ya tano: mapokezi

Chumba kwa kawaida hutolewa kuanzia saa nane au saa tisa mchana. Ukiwahi, watakuhifadhia mizigo.

Watakuomba pasipoti. Usishtuke, na usidhani ni kwa sababu ya rangi yako au nchi utokayo. Sheria inaitaka kila hoteli itume taarifa za mgeni polisi ndani ya saa 24, na Mwitaliano naye anatoa kitambulisho chake. Wakishanakili, pasipoti irudi mkononi mwako. Wala usiione kama usumbufu, maana usajili huo una faida kwako. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya anayeingia Italia kutoka nchi nyingine ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mfano amepitia kwa binamu yake Ujerumani, anatakiwa kutoa taarifa ya uwepo wake ndani ya siku 8. Akilala hotelini, fomu ya hoteli aliyoisaini ndiyo taarifa yenyewe. Omba nakala, iweke pamoja na pasipoti.

Halafu kuna *tassa di soggiorno*, kodi ya ukaaji inayotozwa na miji mingi ya Italia kwa kila mtu kwa kila usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni, na wengine huitaka taslimu. Weka sarafu kando na udai risiti.

Hatua ya sita: chumbani

Chumba kitakuwa kidogo. Fungua zile *persiane*, milango ya mbao ya dirishani, uone umepata nini: paa za vigae, ua wa ndani, au ukuta wa jirani. Wakati wa joto fanya kama wenyeji, zifunge mchana, zifungue usiku. Kama usingizi wako ni mwepesi, omba chumba kinachotazama uani, kwa maana kengele za Torre del Moro, mnara wa mita 47 katikati ya mji, zinasikika kweli.

Bafuni utaona kamba imening'inia ukutani karibu na bafu. Si ya taa wala ya maji. Ni kengele ya dharura kwa mtu aliyeanguka. Waonye watoto wasiivute.

Ukija miezi ya baridi ukakuta chuma cha joto ukutani kimepoa mchana, hoteli haijakunyima. Sheria imeweka miezi na idadi ya saa za kuwasha joto kulingana na ukanda wa hali ya hewa. Katika Italia ya kati msimu huanza kati ya katikati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba, hadi katikati ya Aprili. Omba blanketi la ziada, *una coperta in più*. Umeme ni volti 230 kama kwetu, ila soketi ni za pini za duara. Plagi yetu ya Kenya, Tanzania na Uganda, yenye pini tatu bapa, haiingii bila adapta.

Hatua ya saba: chakula

Kifungua kinywa cha hoteli ya kawaida ni kitamu cha sukari: *cornetto* (andazi la umbo la pembe), mkate mkavu na jamu, kahawa. Usitegemee mayai. Mkate wa Umbria hauna chumvi, ndivyo wanavyoupika. Kahawa ya kunywa umesimama kaunta ni rahisi kuliko ya mezani. Mgahawani, *coperto* kwenye bili ni malipo ya kukaa mezani, si wizi. Jikoni hufungwa katikati ya alasiri na kufunguliwa karibu saa moja na nusu usiku. Maji ya bomba ni salama.

Hatua ya nane: tumia saa ulizozilipia

Hii ndiyo sababu ya somo zima. Kanisa kuu lilianza kujengwa 1290, na uso wake unatazama magharibi. Asubuhi, wageni wa mchana wanapofika, uso huo uko kivulini. Jua linapoteremka jioni ndipo dhahabu ya michoro ya vigae inapowaka, na nakshi za mawe chini yake zinaanza kutoa vivuli. Kaa kwenye benchi la jiwe lililo mkabala. Sogea kwenye nguzo pana za chini: Mungu akimtoa Hawa ubavuni mwa Adamu, mbavu za Adamu zikihesabika kwenye marumaru. Muda huo watalii wamekwisha teremka, na watoto wa mji wanacheza mpira uwanjani.

Kesho yake ingia mapema kwenye kanisa dogo la San Brizio, ndani ya kanisa kuu, ambalo Luca Signorelli alichora sehemu yake kubwa kati ya 1499 na 1504. Tafuta ukuta wa ufufuo: mafuvu yanachungulia kutoka ardhini, mifupa inajivuta juu kwa mikono, na waliokwisha vishwa nyama wanasaidiana kusimama. Mpe ukuta huo nusu saa yako.

Hatua ya tisa: kuondoka

Rudisha ufunguo kabla ya saa nne au saa tano asubuhi, uache mizigo mapokezini. Shuka Pozzo di San Patrizio, kisima kilicho karibu na Piazza Cahen. Papa Klementi VII, aliyekimbilia Orvieto baada ya Roma kutekwa na kuporwa 1527, aliagiza kichimbwe ili mji usife kiu ukizingirwa. Antonio da Sangallo alikipa ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana, kila moja ya vipandio 248, ili punda washuke kwa moja na kupanda na maji kwa nyingine. Kisha chukua mizigo na ushuke kwa funicolare.

Maswali ya wanachama

*Mombasa: Assalaam alaykum ndugu. Sisi Waislamu tutakula nini huko, na choo kina maji?*

Wa alaykum salaam. Suala la maji lisikupe shida. Karibu kila bafu la Italia lina *bidet*, beseni la kujisafishia kwa maji, na kanuni za tangu 1975 zinataka kila nyumba ya kuishi iwe nayo. Chakula ndicho cha kuangalia, kwa sababu Umbria inapenda sana nguruwe. Kariri maneno haya, yote ni ya nguruwe: *maiale* (nguruwe), *cinghiale* (nguruwe mwitu), *prosciutto*, *guanciale*, *lardo*, na hasa *strutto*, mafuta ya nguruwe yanayoweza kuwemo kwenye mikate na keki. Mchuzi wa nyama mara nyingi umechanganywa. Kimbilio ni tambi nene za mji huu, *umbrichelli*, kwa nyanya au uyoga. Sema *senza carne, senza vino*, yaani bila nyama, bila mvinyo. Kibla ni kusini-mashariki.

*Dar es Salaam: Kaka, ubalozi unataka nafasi ya hoteli kabla ya viza. Nikinyimwa viza si hela imekwenda?*

Chagua nafasi inayofutika bure na usome tarehe ya mwisho ya kufuta. Jina liwe lilelile la pasipoti, na usiku wote wa safari uwe na mahali pa kulala. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni Euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya angalau Euro 30,000. Ombi lipelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari. Kusubiri miadi kunaweza kuchukua muda, kwa hiyo anza mapema. Karatasi ya hoteli ya kughushi usiiguse kabisa.

*Nairobi: Nitakuwa na mama, ana miaka sabini na kitu na magoti yanamsumbua. Ataweza?*

Ataweza, mpe shikamoo yangu. Ukiwa umeshafika juu, sehemu kubwa ya mji ni tambarare. Omba chumba cha *piano terra*, chini kabisa, au hoteli yenye lifti, na waulize kama kuna ngazi kabla ya kuifikia lifti yenyewe, maana zipo za hivyo. Kisima asishuke. Basi la kutoka Piazza Cahen litamfikisha hadi mlangoni pa kanisa kuu.

*Bukavu: Mimi ni mtawa. Je, nyumba za masista zinapokea wageni?*

Ndiyo, sista, na zinapokea walei pia, familia kwa familia. Vyumba ni vya kawaida na visafi. Uliza saa ya kufunga lango, kwa kuwa nyingi hufunga kabla ya usiku wa manane.

*Muscat: Tunakuja na gari la kukodi. Tuegeshe wapi?*

Msiingie nalo mjini kabla ya kuongea na hoteli. Kibao chenye maneno *zona a traffico limitato* (eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi) maana yake kuna kamera, na faini itakufuata kupitia kampuni ya gari hata ukiwa umesharudi nyumbani. Mpe mwenye hoteli namba ya gari, akuambie kama anaweza kukuombea kibali. La sivyo, acheni gari Campo della Fiera, upande wa chini wa jabali, mpande kwa lifti au ngazi za umeme. Na beba leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani.