Konsila chini ya macho kwa ngozi kavu: namna ya kuiseti isijikunje

Mwenye ngozi kavu akilalamika kwamba konsila, ile krimu ya rangi ya ngozi ya kufichia weusi na madoa, inamfanyia mistari chini ya macho, muulize alipoiona mistari alifanya nini. Karibu wote jibu ni moja: niliongeza poda. Mistari ikazidi, akaongeza tena. Poda hainyooshi mkunjo. Kazi yake ni kunyonya unyevu na mafuta ili konsila isitembee. Kwenye ngozi kavu hakuna mafuta ya ziada ya kunyonya, basi inanyonya kile kidogo kilichomo ndani ya konsila yenyewe. Konsila inakauka, na ikishakauka inapasuka palepale ngozi inapokunjika.

Ngozi ya hapo chini ya jicho ni kati ya zile nyembamba kabisa mwilini, kama nusu milimita tu, na vitezi vya mafuta ni vichache. Halafu haitulii. Mtu anapepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika, yaani konsila yako inakunjwa na kukunjuliwa kama mara elfu moja kwa saa, na hapo bado hajacheka. Kwa hiyo tuelewane mapema: mstari wa ngozi yenyewe hauondolewi na mekapu. Tunachozuia ni konsila kujikusanya ndani ya mstari huo. Nyuso zisizo na mstari hata mmoja unazoziona mtandaoni, nyingi ni filta.

Haya yote ni kwa ngozi kavu. Kama yako ni ya mafuta, usiyafuate, utashinda unayeyuka.

Andaa krimu nyepesi ya macho au losheni ya uso isiyo na manukato, konsila ya majimaji, poda laini ya kumwaga, pafu dogo (kile kitambaa laini cha kupakia poda) au sponji ndogo, brashi ndogo yenye nywele laini, na tishu. Konsila ile ya kijiti au ya kopo, nzito na kavu, iache kwa ajili ya chunusi na madoa. Hata ile inayosifiwa kwamba haiingii maji naiogopa kwa ngozi kavu, maana nyingi zinakauka haraka na kukaza.

Hatua ya 1: Lainisha, halafu subiri

Nawa uso, kausha kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu paka krimu kiasi cha punje ya mchele kwa kila jicho. Ipake kwenye mfupa ulio chini ya jicho, usisogee hadi kwenye kope. Joto la ngozi litaipandisha yenyewe. Tumia kidole cha pete, kwa sababu hakina nguvu nyingi, na gusagusa, usivute.

Tafuta krimu yenye glisirini au asidi ya hayaluroniki, vitu vinavyoshika maji. Ile glisirini tupu ya kwenye chupa ya duka la dawa usiipake kama ilivyo, inanata na konsila itateleza juu yake. Mafuta ya mgando ni mazuri sana usiku, lakini chini ya konsila ni balaa.

Hali ya hewa nayo ina neno. Njombe au Makambako mwezi wa Juni na Julai, au Dodoma upepo ukishaanza, unahitaji krimu nzito kidogo kuliko Dar. Ila hata Dar usidanganywe na jasho la nje: mteja akipambwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, akapanda gari lenye kiyoyozi, akaingia ukumbi wenye kiyoyozi, ngozi yake imeshinda kwenye hewa kavu.

Kisha subiri dakika tano hadi kumi. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa haraka tu. Chora nyusi kwanza, paka rangi ya kope, fanya chochote. Mimi macho yote nayamaliza kabla ya kugusa konsila, na faida ya pili ni kwamba unga wa ayshado ukidondoka unaufuta bila kuharibu kitu.

Nigusie jambo kabla ya kuendelea. Kama umetumia mkorogo au krimu yenye steroidi kwa muda mrefu, ngozi ya hapo inakuwa nyembamba zaidi, inawasha, na kila kitu kinaishikilia vibaya. Hilo halitatuliwi na konsila nzuri zaidi. Muone daktari wa ngozi.

Hatua ya 2: Toa ziada

Chana tishu, chukua tabaka moja tu, ilaze chini ya jicho na ubonyeze kidogo. Ikitoka na alama ya mafuta, rudia. Ukigusa ngozi inapaswa kuwa laini bila kidole kuteleza. Konsila ikikaa juu ya krimu ambayo haijaingia, poda ya dunia nzima haitaizuia kutembea.

Praima, ile krimu ya kutangulia chini ya mekapu? Ukiwa umelainisha vizuri, huihitaji eneo hili. Ukiipenda, angalia nyuma ya pakiti. Majina yanayoishia na cone au siloxane ni silikoni. Praima iliyojaa silikoni na konsila ambayo msingi wake ni maji mara nyingi havipatani: vinatoka vijibonge vidogo vinavyojiviringa chini ya kidole, na mteja anadhani ngozi yake inachubuka. Jaribu vyote viwili nyuma ya mkono kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 3: Korekta, kama weusi upo kweli

Kwa ngozi zetu weusi wa chini ya macho ukifunikwa na konsila peke yake unageuka kijivu. Ndiyo maana watu wanarundika. Tumia korekta (krimu ya rangi ya kuzima weusi kabla ya konsila) ya rangi ya chungwa kwa ngozi nyeusi, au ya pichi kwa maji ya kunde, nyembamba kabisa, pale penye giza tu: mara nyingi ni kona ya ndani, karibu na pua, na kale kabonde kanakoshuka kutoka hapo. Usiipake hadi pembeni.

Korekta ikifanya kazi yake, konsila inayohitajika inapungua kwa nusu. Tabaka mbili nyembamba zinakunjika kidogo kuliko moja nene.

Hatua ya 4: Konsila kidogo, na siyo kila mahali

Ile pembetatu kubwa inayoshuka hadi katikati ya shavu ni ya kamera. Kwa ngozi kavu weka nukta moja kona ya ndani na nyingine kona ya nje, chini kidogo ya jicho, ukiielekeza juu kuelekea kwenye nyusi. Katikati, palipo na mistari mingi, usiweke kitu. Utakapochanganya, kitakachofika hapo kinatosha.

Rangi iwe mwanga kidogo kuliko faundesheni yako, hatua moja, zikizidi sana mbili. Ikiwa nyeupe mno, kila mkunjo utaonekana kwa umbali.

Acha nukta zikae kama nusu dakika, zishike. Halafu gusagusa kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, ukianzia pembeni kuja ndani. Sponji yenye maji mengi inaosha konsila. Ikamue ndani ya taulo hadi isiache tone.

Hatua ya 5: Kunjua kabla ya poda

Hii ndiyo hatua yenyewe, ukisahau nyingine zote ikumbuke hii. Konsila inaanza kuingia kwenye mistari dakika ileile ulipoipaka. Ukiipiga poda ikiwa tayari imeingia, umeufunga mkunjo na utakaa nao hadi usiku.

Fanya jicho moja, ulimalize, ndipo uhamie la pili. Tulia dakika moja hivi baada ya kuchanganya. Mwambie mteja atazame juu kwa macho tu, kidevu kibaki palepale. Utaona mistari miwili au mitatu imejichora. Chukua kidole safi cha pete, au sponji, na uguseguse juu yake bila kuongeza bidhaa, mpaka ipotee. Kama konsila imezidi, hapa ndipo pa kuitoa: tabaka moja la tishu, bonyeza, inua. Akiwa bado anatazama juu, poda ifuate papo hapo. Kwa hiyo pafu liwe tayari mkononi kabla hujaanza kukunjua.

Hatua ya 6: Poda

Mimina poda kidogo kwenye mfuniko. Gusisha pafu, kisha likunje na ulisuguesugue lenyewe kwa lenyewe ili poda iingie ndani ya nyuzi. Bonyeza nyuma ya mkono wako. Ikiacha unga unaoonekana, bado ni nyingi. Endelea mpaka ngozi ya mkono ibadilike kuwa laini tu, bila rangi ya unga. Kiasi hicho ndicho kinachokwenda usoni.

Bonyeza na kuinua. Usipanguse, usizungushe. Anzia chini ya kope, palipo na mikunjo, uje kona ya ndani. Upande wa nje, kwenye mfupa wa shavu, uache na ung'avu wake au pitisha brashi iliyobakiwa na vumbi tu. Mara moja inatosha.

Kwa ngozi kavu sana, badala ya pafu tumia kona ya ile sponji yenye unyevu. Gusisha kwenye poda, kung'uta, bonyeza. Poda inakaa nyembamba na haipauki. Sponji isiwe na maji, isije ikatengeneza madoa.

Na kubeki je? Ule mtindo wa kurundika poda ukaiacha dakika kadhaa kisha ukaipangusa umetoka kwa watu wa jukwaani, wanaotumbuiza chini ya taa kali wakitoka jasho. Huko una maana. Kwa mwanamke mwenye ngozi kavu anayekwenda kukaa ukumbini saa sita, sioni sababu yake. Picha ya kwanza itatoka safi, na kufikia muda wa keki ameongezeka umri.

Poda nyeupe inayodaiwa kutoonekana inaonekana sana kwenye ngozi nyeusi. Chukua yenye rangi ya ngozi yako au ya manjano iliyokolea. Pia zile zenye silika nyingi zinarudisha mwanga wa kamera, picha inatoka na miduara myeupe chini ya macho. Sherehe zetu ni za usiku na flashi haziishi, kwa hiyo jaribu: zima taa, piga picha kwa simu na flashi ikiwa imewashwa, kabla mteja hajaondoka kwenye kiti.

Hatua ya 7: Sprei

Sprei ya kufungia mekapu isome kwanza. Alkoholi ikiwa kwenye majina ya mwanzo, inafaa ngozi ya mafuta. Yako iwe na glisirini. Shika chupa umbali wa kama sentimita 30, funga macho, puliza mara mbili, usipepee kwa nguvu. Ikishakaribia kukauka, bonyeza chini ya macho kwa sponji mara moja. Unga unayeyuka kwenye konsila na ule ukavu wa poda unaondoka.

Mikunjo ikitokea ukumbini

Usiguse poda. Tazama juu, bonyeza mkunjo kwa kidole safi hadi utawanyike, basi. Ikiwa imepasuka kabisa, weka krimu ya macho kidogo mno kwenye ncha ya kidole, isugue kwanza nyuma ya mkono, kisha gusagusa juu ya mpasuko. Hakuna poda baada ya hapo.

Bibi harusi wa sendofu atalia, hasa mama akishika maiki. Mpe msimamizi wake tishu zilizokunjwa tayari na umfundishe: ilaze kwenye ukingo wa kope la chini, chozi liingie humo kabla halijateremka. Asipanguse. Chozi likishapita, asubiri pakauke penyewe, ndipo abonyeze kwa kidole.

Ukirudi nyumbani, lowesha pamba kwa mafuta ya kusafishia mekapu, iweke juu ya jicho sekunde 20, kisha shusha taratibu. Hakuna kusugua. Nawa, paka krimu, na hapa sasa mafuta ya mgando yana ruhusa, kidogo tu, juu ya mfupa. Sponji ioshe usiku huohuo kwa sabuni na uianike penye hewa, isilale ndani ya pochi ikiwa mbichi.