Kubadili kaboni za mota ya DC bila kuila komyuteta

Kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwa kugusa komyuteta (silinda ya shaba inayozunguka na mota), hainunuliwi kwa kupima urefu na upana tu. Kabla hujatoka kwenda Kariakoo, futa ubavu wa ile ya zamani kwa kitambaa usome namba ya daraja, yaani aina ya kaboni, ndiyo utakayoitaja dukani. Mimi niliwahi kuchonga vijiti vya betri za tochi nikavipachika kwenye mota ya mteja hapa Gerezani. Ilizunguka, cheche zikiruka, na baada ya siku chache komyuteta ilikuwa na mifereji. Niliichonga upya bila malipo.

Kijiti kile si grafaiti ya mota. Ya mota kubwa huanza na koki, masalia magumu ya kusafishia mafuta, au na masizi. Husagwa, huchanganywa na lami ya makaa ya mawe ikiwa ya moto, kisha hushindiliwa kuwa tofali. Tofali huokwa hadi nyuzi 1000 hivi, polepole mno, maana lami inatoa gesi. Ukiharakisha linapasuka kama mkate wa kumimina uliowekewa moto mkali. Hapo bado ni kaboni ngumu tu. Likiwekwa kwenye tanuri la umeme likafika nyuzi 2500 na zaidi, chembe hujipanga matabaka yanayoteleza, ikawa grafaiti.

Tanuri hilo ni la Mmarekani Acheson. Alikuwa akitengeneza chembe za msasa, akazidisha moto, silikoni ikaondoka kama mvuke, ikabaki grafaiti. Hataza yake ni ya 1896. Kwa hiyo msasa na kaboni ni ndugu wa tanuri moja!

Ila si kila msasa unafaa kukalishia kaboni mpya ilale vizuri kwenye komyuteta. Ule mweusi wa kusugulia chuma uache, chembe zake huzama kwenye kaboni zikaikwaruza shaba. Chukua wa kusugulia mbao, laini. Zima umeme, zungushia msasa kwenye komyuteta, uso unaokwaruza ukiangalia kaboni, springi ikiwa imekandamiza. Vuta kwa mwelekeo ambao mota huzunguka. Ukirudisha, inyanyue kaboni kwanza. Rudia mpaka uso wake ushike mkunjo wa komyuteta.

Vumbi livute kwa mashine, usilipulize: linapitisha umeme, likiingia kwenye nyaya utanitafuta tena.

Washa bila mzigo kwanza, uongeze kidogo kidogo. Komyuteta itavaa utando wa rangi ya chokoleti. Vijana wangu hupenda kuusugua ing'ae. Uacheni! Utando huo una grafaiti, nayo huteleza kwa msaada wa unyevu wa hewa, na wa Dar hauhitaji kuombwa.