Ndaki, Idara, Programu: Jinsi ya Kujua Uko Chini ya Nani Chuoni

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), hujaa vijana wenye bahasha za kaki na swali moja: "Shikamoo madamu, hivi mimi niko chini ya nani?" Nimefanya kazi ya usajili kwa miaka mingi na swali hili bado linanigusa, maana anayeuliza huwa ameshazungushwa madirisha matatu. Nitatumia chuo hiki kwa kuwa ndicho ninachokijua. Vyuo vingine vina majina yao, ila ngazi hazitofautiani sana.

Hatua ya 1: Soma jina la chuo ulichopangiwa mpaka mwisho

Kwa Kiingereza neno ni moja, "college", lakini Kiswahili kimetutenganishia vizuri: kuna ndaki, na kuna chuo kikuu kishiriki. Ndaki ni sehemu ya chuo chenyewe, kama Ndaki ya Insia au Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Chuo kikuu kishiriki kina uongozi wake, wahadhiri wake na kampasi yake. DUCE, yaani Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, iko Chang'ombe, Mkwawa iko Iringa, na vyote viwili vilianza mwaka 2005 chini ya UDSM. Ukipangiwa Mkwawa, kata tiketi ya Iringa.

Hatua ya 2: Jua umeangukia ndaki, shule kuu au taasisi

Ndaki hukusanya idara zinazokaribiana, na mkubwa wake ni rasi. Shule kuu, kama ya Sheria, ya Biashara au ya Elimu, ina amidi. Taasisi ina mkurugenzi.

Usidhani taasisi ni ya watafiti tu. TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilizaliwa mwaka 2009 kwa kuunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili, ndiyo maana anayesoma Kiswahili Mlimani leo anasomea kwenye taasisi.

Hatua ya 3: Shuka mpaka idara

Mhadhiri ni wa idara, kozi ni ya idara, na anayepanga nani afundishe nini ni mkuu wa idara. Andika jina la idara yako na mahali ofisi yake ilipo.

Hatua ya 4: Tofautisha programu na kozi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu. Mtaani tunaulizana, "Unasoma kozi gani?" tukimaanisha shahada nzima. Chuoni, shahada nzima ni programu. Kozi ni somo moja ndani yake. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza ya miaka 3 haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasa, maktaba na kazi unazopewa.

Sasa mchukue mwanafunzi wa Shahada ya Sanaa na Elimu aliyechagua Kiswahili na Historia. Asubuhi yuko TATAKI kwenye fasihi. Mchana yuko Idara ya Historia, iliyo ndani ya Ndaki ya Insia. Kesho yake yuko Shule Kuu ya Elimu. Mwaka wa kwanza ana DS pia, yaani kozi ya taaluma za maendeleo, inayofundishwa na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Amepita milango minne, na programu ni ileile moja. Mwenye programu hiyo ametajwa kwenye prospektasi, kitabu cha maelezo ya chuo. Mtafute humo kabla hujamtafuta kwenye korido.

Hatua ya 5: Soma msimbo wa kozi

Chukua DS 112. Herufi zinakuambia nani anaifundisha, tarakimu ya kwanza inakuambia ni ya mwaka wa ngapi. Wewe wa mwaka wa kwanza ukiona umejisajili kozi inayoanza na 3, iondoe kabla usajili haujafungwa.

Hatua ya 6: Peleka shida kwa mwenyewe

Shida ikiwa ya kozi moja, anza na mhadhiri wake, kisha nenda kwa mkuu wa idara inayofundisha kozi hiyo, hata kama si idara yako. Kuna binti alinijia baada ya wiki mbili za kufuatilia alama za koswek, yaani za majaribio na kazi za muhula. Alikuwa akipanga foleni kwenye idara yake, ambako hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuzigusa alama zile. Nilimwonyesha herufi mbili za msimbo, akavuka barabara, na kabla ya saa saba alikuwa amemaliza.

Shida ikiwa ya programu, mathalani unataka kuhama au kuahirisha mwaka, nenda kwa wenye programu, na uende mapema.

Na matokeo unayoyaona kwanza ni ya muda mpaka Seneti iyapitishe. Ukigundua kosa, lifuatilie kabla ya kikao hicho, na karatasi ya jaribio lako uwe nayo mkononi.